Kifaransa Kinachosikika Mtaani: Silabi Zinazomezwa, Mkazo Unaohama na "plus" Yenye Maana Mbili

ZUHURA: Karibuni, wasikilizaji wetu. Leo tunazungumzia matamshi ya Kifaransa cha kila siku, kile ambacho watu wa Paris au Lyon hukitumia wanaponunua mkate, wanapozozana kuhusu maegesho ya magari au wanapopiga soga na jirani ngazini. Kaka Deo, wewe ni mwalimu wa lugha hiyo, kwa hiyo naomba tuanze na lalamiko la wanafunzi wengi: mtu amefika kiwango cha B1, yaani cha kati, anasoma gazeti bila taabu, anaandika barua inayoeleweka, lakini akikaa karibu na Wafaransa wawili wanaozungumza wao kwa wao haambulii hata nusu.

DEO: Asante, dada Zuhura. Lalamiko hilo ni la haki, na tiba yake si kuongeza msamiati, kwa maana maneno yanayompita mwanafunzi huyo karibu yote anayajua yakiandikwa. Tuchukue "je ne sais pas", yaani sijui. Kitabuni kuna maneno manne na silabi nne. Mtaani, kwanza "ne", kineno cha kukanusha, inaondoka na kubaki "je sais pas". Kisha irabu ya "je" inamezwa, tunapata "j'sais pas". Hapo j, ambayo ni sauti ghuna, yaani inayotetemesha koo, imekutana uso kwa uso na s isiyo ghuna, na hiyo j inapoteza mghuno wake na kugeuka sh, na mara nyingi ile s inazama ndani ya hiyo sh. Kinachotoka kinywani ni "shepa", silabi mbili tu. Vijana wakiandikiana kwenye simu huandika "chépa" bila kusita. Sasa mwanafunzi anayesubiri maneno manne atasubiri sana.

ZUHURA: Wako watakaosema huo ni uvivu wa ulimi, na kwamba mtu aliyesoma hawezi kutamka hivyo.

DEO: Wanakosea. Profesa wa chuo kikuu akiwa mezani kwake na familia yake husema "shepa" sawa na fundi wa mabomba. Kinachowatofautisha ni pale anaposimama kutoa mhadhara, ambapo "ne" hurudi na silabi hutamkwa moja moja. Na jambo la kutia moyo ni kwamba silabi hazimezwi ovyo. Herufi inayomezwa ni e isiyo na alama juu yake, ile ya "je", "le", "de", "petit". Mwanaisimu Maurice Grammont aliieleza tabia yake kwa kanuni ambayo bado inafundishwa: e hiyo huweza kuanguka ikiwa kuanguka kwake hakutazikutanisha konsonanti tatu. Kwa hiyo Jumamosi, "samedi", hutamkwa "samdi", lakini Ijumaa, "vendredi", e yake inabaki, kwa sababu ikianguka d, r na d zitabanana na ulimi utakwama. Mwanafunzi akiielewa kanuni hiyo, hahitaji kukariri orodha ya vifupisho, anaweza kuvikisia mwenyewe. "Petit" itakuwa "pti", "je te dis" itakuwa "shtedi", "je suis" itakuwa "shui".

ZUHURA: Vipo pia vifupisho ambavyo havitokani na e hiyo.

DEO: Vipo, ila ni vichache na vinajirudia mno: "tu as" huwa "ta", "il y a" huwa "ya", "parce que" huwa "paske", na "quatre" ikifuatwa na konsonanti huwa "kat". Hivyo vya kukariri tu. Lakini niseme wazi kwamba hayo yote tuliyoyataja si tatizo kubwa la mzungumzaji wa Kiswahili. Tatizo kubwa ni mkazo.

ZUHURA: Hapo ndipo nilipotaka tufike, kwa sababu sikumbuki kitabu chochote cha kiada kilichoanza na mkazo. Vyote huanza na r.

DEO: Na ndiyo maana tunazalisha watu wenye r nzuri wasioeleweka. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, bila kukosa isipokuwa maneno machache ya mkopo: kitábu, tutaonána, wanafúnzi. Sikio letu limezoea kutumia mkazo huo kutambua neno linapokaribia kuisha. Kifaransa hakifanyi hivyo. Mkazo wake hauko kwenye neno, uko kwenye kundi zima la maneno, na hukaa kwenye silabi ya mwisho ya kundi hilo kwa kuirefusha kidogo. Ukisema "une table", mkazo uko kwenye "table". Ukiongeza "une table ronde", mkazo umehamia "ronde", na "table" imelala. Ukisema "une table ronde en bois", mkazo umekwenda "bois" na vyote vilivyotangulia vimetamkwa kwa uzito ule ule. Mwanafunzi wetu husema "MERsi", "BONzhur", "resTOran", kila neno limebeba mkazo wake wa Kiswahili, na Mfaransa anasikia makundi yaliyokatwa mahali pasipostahili.

ZUHURA: Lakini kwa upande wa silabi tuna nafuu. Silabi za Kiswahili karibu zote huishia na irabu, na Kifaransa cha kusema nacho hupenda hivyo.

DEO: Naam, na nafuu hiyo haitumiwi vya kutosha darasani. Konsonanti ya mwisho ya neno huhamia mwanzo wa neno linalofuata iwapo hilo linaanza na irabu. "Il arrive" hutamkwa "i-la-riv", "avec elle" hutamkwa "a-ve-kel". Mwambie mwanafunzi aandike sentensi kwa silabi za Kiswahili, asijali mipaka ya maneno, kisha aisome hivyo hivyo. Atashangaa jinsi anavyosikika. Na ili mkazo ukae mahali pake, mimi huwafundisha kujenga sentensi kutoka mwisho. Wanaanza na "demain", wakishaipata wanasema "à Paris demain", halafu "je vais à Paris demain". Kila hatua mwisho wa sentensi haubadiliki, kwa hiyo sauti inajizoesha kutua pale pale.

ZUHURA: Tusiipuuze r kabisa, kaka. Mimi ni mtu wa Pwani, na naamini tunayo tayari. Gh ya "ghali" na "ghafla", kwa wale wanaoitamka kikamilifu badala ya kuigeuza g, ni jirani wa karibu sana wa r ya Paris.

DEO: Ni jirani kweli. Gh hutokea kwenye kaakaa laini, na r ya Kifaransa hutokea nyuma yake kidogo, kwenye kidakatonge. Anza na "ghi" ukitaka kusema "riz", rudisha sauti nyuma kidogo, na umefika. Na kuna jambo ambalo hata walimu wengi hawalisemi: r inayofuata p, t, k au f hupoteza mghuno, kwa hiyo katika "très", "prends" au "croire" inakaribia kh ya "kheri". Mtu wa Mombasa au Unguja anazo sauti zote mbili kutokana na maneno yenye asili ya Kiarabu, ila hajaambiwa kwamba anazo.

ZUHURA: Na zipi hatuna?

DEO: J yao si j ya "jana", ni sh iliyotiwa mghuno, na hiyo hujifunzwa kwa dakika chache. Irabu za puani zinahitaji muda zaidi. Sisi tukisema "bon" tunamalizia na n, ilhali ulimi haupaswi kugusa popote, hewa inapita puani wakati irabu bado inaendelea. Ukiifunga kwa n, karibu umesema "bonne", ambalo ni umbo la kike. Lakini inayoleta madhara makubwa ni u ya "tu". Tamka i kama ya "sisi", ulimi usisogee hata kidogo, kisha chongoa midomo kama mtu anayepiga mluzi. Usipofanya hivyo utatamka u ya Kiswahili, ambayo kwa Kifaransa huandikwa "ou", na hapo maana inaweza kupinduka. "Au-dessus" ni juu, "au-dessous" ni chini, na tofauti yake yote ni irabu hiyo moja. Mtu akikuelekeza uweke sanduku, ama litakaa kabatini juu ama uvunguni.

ZUHURA: Naona tuichambue na "plus", kwa maana hapo kudondoka kwa "ne" kunaacha pengo halisi.

DEO: Hilo ndilo eneo ninalolipenda kuliko yote. Katika maandishi, "je n'en veux plus" ni sitaki tena, na "j'en veux plus" ni nataka zaidi. "Ne" ndiyo inayotenganisha. Mtaani "ne" haipo, kwa hiyo sentensi mbili zenye maana zinazopingana zimebaki na maneno yale yale. Kinachoziokoa ni s ya mwisho. Kwenye kukanusha, s haitamkwi: "plu", na kwa watu wengi hata l huanguka ikabaki "pu". Kwenye kuongeza, s husikika wazi: "pluss". Mwenyeji wako ameshika upawa juu ya sahani yako, wewe unasema "j'en veux plu" ukimaanisha uongezewe wali, naye anaurudisha upawa sufuriani. Vivyo hivyo dukani, ukiambiwa "ya pu d'pain", usisimame kwenye foleni, mkate umekwisha.

ZUHURA: Na "plus grand"? Mbona pale s haitamkwi na bado maana ni ya kuzidi?

DEO: Ni kweli, mbele ya kivumishi kinachoanza na konsonanti s inanyamaza, na kikianza na irabu inakuwa z, kama "plus important". Lakini pale kivumishi chenyewe kinaondoa utata. Utata uko pale "plus" inaposimama peke yake mwishoni.

ZUHURA: Umetaja z hiyo inayounganisha maneno. Wanafunzi huambiwa waunganishe kila mahali.

DEO: Huo ni ushauri mbaya. Kuna muunganisho wa lazima, kama "les amis", "vous avez", "un homme". Kuna ulio marufuku: baada ya "et" huunganishi kamwe, wala mbele ya maneno kama "héros", kwa sababu "les héros", mashujaa, ukiunganisha inasikika "les zéros", masufuri. Na kati ya hayo mawili kuna ule wa hiari, kama "pas encore" au "je suis allé". Mazungumzo ya kawaida huuacha mwingi wa huo wa hiari. Anayeunganisha kila panaporuhusiwa husikika kama anahutubia bunge huku wenzake wanakunywa kahawa.

ZUHURA: Tumesema "Mfaransa" kana kwamba wote hutamka sawa.

DEO: Hawatamki sawa. Marseille na Toulouse e ile inayomezwa Paris hutamkwa, hata mwishoni mwa neno, na kwa sikio la Mswahili Kifaransa cha kusini ni rahisi zaidi kufuatilia. Jean Castex alipoteuliwa kuwa Waziri Mkuu mwaka 2020, lafudhi yake ya kusini-magharibi ilizungumzwa sana magazetini, na mwaka huo huo Bunge la Taifa lilipigia kura muswada wa kupinga ubaguzi wa lafudhi. Québec, huko Kanada, wanasema "tsu" badala ya "tu". Ubelgiji na Uswisi hawasemi "soixante-dix" kwa sabini, wanasema "septante", na neno hilo lilifika Kongo, Rwanda na Burundi pamoja na utawala wa Wabelgiji.

ZUHURA: Kwa hiyo msikilizaji wetu wa Kigoma anayefanya biashara na Bujumbura, au wa Nairobi aliyeajiriwa Goma, amwige nani?

DEO: Awaige watu atakaozungumza nao. Goma au Lubumbashi atasikia r ya ncha ya ulimi kwa wazungumzaji wengi na silabi zikiwa zimekamilika, na akienda huko na "shui" na "shepa" kila sentensi, ataeleweka, ila atasikika kama anajionyesha. Hata kwa anayekwenda Paris, mimi hutenganisha kusikia na kusema. Asikie kila kifupisho tulichokitaja, bila kubakiza. Katika kusema, aanze na kuacha "ne" na kutumia "ya" na "ta", kwa sababu hayo hayahitaji kasi. "Shui" isubiri hadi mkazo wake utulie mwishoni mwa kundi, maana "shui" iliyozungukwa na maneno mazito yaliyokatwa katwa haipendezi.

ZUHURA: Na mazoezi ya kusikiliza? Wengi hutumia taarifa ya habari ya Kifaransa chepesi ya RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa.

DEO: Hiyo ni nzuri kwa mkazo na makundi ya maneno, kwa kuwa mtangazaji husoma kwa utulivu na maandishi yake hupatikana. Kwa silabi zinazomezwa haifai, kwa sababu hiyo ni lugha ya kusomwa. Tafuta mahojiano ya watu waliosimamishwa barabarani na mwandishi wa habari. Chukua sekunde kumi tu, andika unachosikia kwa silabi za Kiswahili, kisha ndipo utafute maneno kamili yaliyokuwa nyuma yake. Mpangilio huo usiugeuze, kwa sababu ukisoma maandishi kwanza, jicho litalidanganya sikio.

ZUHURA: La mwisho. Anayefanya sehemu ya kuzungumza ya DELF, mtihani wa cheti cha Kifaransa kwa wageni, aweke "ne" au aiache?

DEO: Katika sehemu aliyoiandaa, anapotoa maelezo mbele ya watahini, aiweke. Katika mazungumzo yanayofuata, ikimponyoka asijirudi kusahihisha, aendelee na hoja yake. Kwenye karatasi ya kuandika, aiweke kila mara.