Wavedda: Mwindaji Alipofanywa Jangili

Mabibi na mabwana, wazee wangu, ndugu zangu, nawashukuru kwa kufika. Nitazungumza juu ya Wavedda, wenyeji wa kale wa kisiwa cha Sri Lanka. Wenyewe hujiita Wanniyala-Aetto, yaani watu wa msituni.

Nianze na hesabu, maana ndizo zinazotajwa kila wanapozungumzwa. Sensa ya mwaka 1911, enzi za Waingereza, iliwahesabu zaidi ya 5,000. Ya mwaka 1946 ikawapata kama 2,300. Ya mwaka 1953 karibu 800, na ya 1963 mia nne tu. Baada ya hapo hawakuhesabiwa tena peke yao. Ukizisoma harakaharaka utadhani ni watu waliokuwa wakifa. Hapana. Wengi walikuwa hai, wakilima, wakioa na kuolewa miongoni mwa Wasinhala, kabila kubwa kuliko yote kisiwani, na huko pwani ya mashariki miongoni mwa Watamil, na karani wa sensa akawaandika hivyo. Kilichokuwa kikipungua ni nafasi ya kuishi Kivedda, na nafasi hiyo ilikuwa msituni. Hilo ndilo nililokuja kulisema, na naomba mnivumilie nilijenge polepole.

Ukale wao sitauchambua sana. Katika pango la Fa-Hien, kusini-magharibi mwa kisiwa, wachimbaji wamepata ncha za mishale za mfupa zenye umri wa miaka ipatayo 48,000, miongoni mwa ushahidi wa zamani kabisa wa upinde na mshale nje ya Afrika. Wavedda huhesabiwa kuwa wazao wa watu wa kale wa namna hiyo, ingawa wamechanganya damu na majirani kwa karne nyingi. Wasinhala nao wana simulizi yao: kwamba mwanamfalme Vijaya alipofika kutoka India alimwoa Kuveni, mwanamke wa kisiwani, kisha akamwacha, na watoto wao wawili wakakimbilia milimani. Kwa simulizi hiyo Wavedda ni ndugu wa damu wa wale waliokuja kuwatawala. Tulikumbuke hilo tutakapofika kwenye habari za kunyang'anywa msitu.

Sasa maisha yenyewe. Walikuwa na koo, nazo huitwa warige: Uru, Morana, Unapana na nyingine. Familia chache ziliishi pamoja kwenye mapango ya miamba, kila kundi na eneo lake la kuwinda. Msitu ule haukuwa wa kila mtu. Mipaka ilijulikana na ilichungwa, na mzee aliweza kumgawia mkwewe, mume wa binti yake, sehemu ya mlima pamoja na miamba yake ya nyuki, kwa ridhaa ya wenzake. Nasisitiza hapa kwa sababu maofisa waliokuja baadaye waliandika kana kwamba ile ilikuwa ardhi isiyo na mwenyewe.

Chakula chao kilikuwa nyama ya kulungu, nguruwe mwitu, kenge na nyani, pamoja na viazi vya porini ambavyo wanawake waliving'oa kwa vijiti vya kuchimbia. Na asali. Nyuki wakubwa wa miambani hutundika masega yao wazi kwenye kuta za mawe, mahali ambapo mguu wa mtu haupati pa kukanyaga. Mrinaji aliteremshwa kwa ngazi ya mitambaazi iliyofungwa juu ya genge, moshi mkononi, akiimba. Wimbo ule ulikuwa sehemu ya kazi: ulielekezwa kwa mizimu ya miamba ili imlinde. Robert Knox, baharia Mwingereza aliyeshikwa mateka na mfalme wa Kandy, ufalme wa kisiwani humo, kwa karibu miaka ishirini, aliandika mwaka 1681 kwamba walihifadhi nyama kwa kuitia katika shina lenye uwazi lililojaa asali, wakaliziba kwa udongo. Aliandika pia walivyopata vyuma vya mishale. Usiku walitundika nyama kwenye karakana ya mhunzi, na kando yake jani lililokatwa kwa umbo la ncha waitakayo. Mhunzi akifua kama lile jani, siku nyingine walimletea nyama zaidi. Ndugu zangu, biashara ile ilitegemea uaminifu wa pande mbili ambazo pengine hazikuonana uso kwa uso.

Ndoa ilikuwa jambo la utulivu. Binamu aliozwa binamu, mtoto wa mjomba au wa shangazi, na binti alimfunga mume kiunoni kamba aliyoisokota kwa mikono yake. Mtu akifa, walimfunika kwa majani palepale pangoni, nao wakahama. Lakini marehemu hakuachwa. Aliingia katika kundi la mizimu ya jamaa, na jamaa walimwita. Charles na Brenda Seligman, wanaanthropolojia Waingereza waliokaa nao miaka ya 1907 na 1908, wameeleza ngoma ya kirikoraha: chungu cha tui la nazi kinawekwa katikati, mganga anakizunguka akicheza, mzimu unampanda, anachota tui na kuliachia lidondoke chunguni kuona kama ni zito vya kutosha, kisha kwa kinywa chake mzimu unawaahidi jamaa mawindo mema. Mkubwa wa mizimu hiyo ni Kande Yaka, ambaye enzi za uhai wake alikuwa mwindaji hodari.

Mnaona jinsi mambo yanavyoshikana? Ngoma inaomba mawindo. Wimbo unakwenda na kurina. Zawadi ya mkwe ni mwamba wenye nyuki. Ondoa uwindaji, na ngoma haina la kuomba.

Na uwindaji uliondolewa. Mwaka 1949 ilianza kazi ya bwawa la Gal Oya, na maji yakafunika mabonde waliyowinda. Walowezi wakaletwa kulima mpunga. Kisha ukaja mradi mkubwa wa mto Mahaweli, mabwawa na mifereji, na tarehe 9 Novemba 1983 serikali ikatangaza Hifadhi ya Taifa ya Maduru Oya, zaidi ya hekta 58,000, ndani ya msitu mkubwa wa mwisho waliokuwa nao. Familia zilihamishiwa vijiji vipya kama Henanigala, zikapewa nyumba na vishamba vya mpunga. Aliyerudi porini na upinde wake alikamatwa kama jangili. Mzee Tisahamy, kiongozi wa Wavedda wa kijiji cha Dambana, alikataa kuhama, akabaki na jamaa wachache pembezoni mwa msitu hadi alipofariki mwaka 1998. Mwanawe, Uru Warige Wannila Aththo, ndiye aliyeshika nafasi yake.

Mimi siamini kwamba waliopanga hifadhi ile walikuwa watu wabaya. Walitaka kulinda tembo na vyanzo vya maji. Lakini waliuchukulia msitu kana kwamba haukuwahi kuwa na walinzi. Hoja hii si ngeni kwetu: mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, iliamua kwamba Kenya ilikosea kuwatoa Waogiek, nao wawindaji na warina asali, katika msitu wa Mau kwa kisingizio cha uhifadhi.

Leo ukienda Dambana utawakuta wanaume na shoka begani, kama desturi, wakipokea wageni, wakionyesha ngoma na kuuza asali. Wapo wanaowalaumu kwamba wameuza utamaduni. Mimi nawauliza hao: mlitaka wale nini? Watoto wao husoma shule kwa Kisinhala, lugha ya wazee imebaki vinywani mwa wachache, na kijana asiyewahi kuwinda hana mahali pa kuyatumia maneno ya mawindo hata akifundishwa.

Jambo la mwisho. Mwaka 2020 Wannila Aththo, pamoja na watetezi wa mazingira, alikwenda mahakamani. Safari hii shauri lilihusu msitu wa Pollebedda na Rambaken Oya, ambao ulikuwa ukifyekwa ili kampuni zilime mahindi. Miaka thelathini na saba baada ya watu wake kukatazwa kuingia Maduru Oya na upinde, kwa hoja ya kuulinda msitu, ni yeye aliyesimama kuwaomba majaji wazuie msitu mwingine usikatwe.

Asanteni. Nipo tayari kwa maswali.