Anzeni na chungu

Shikamooni wakubwa zangu, vijana habari zenu. Wengine humu mmeshanisikia nalisema hili, leo mtalisikia tena: kitabu cha watoto kuhusu mwanamke maarufu kianze na kazi yake ya mwanzo, siyo na cheo, maana vitabu bado vinatoka vilevile.

Miaka yangu ya gazetini, mwanamke wa kwanza wa kitu chochote nilikuwa nampa tarehe, cheo na picha, basi. Nilivyohamia vitabu vya watoto nikaja na mkono uleule. Siti binti Saad, yule muimbaji wa taarabu wa Zanzibar, nikamwanzishia Bombay, India, 1928, anarekodi santuri. Nikawasomea darasa la tatu, miayo tu. Kabinti kamoja kakauliza, kabla ya hapo alikuwa anafanya kazi gani? Nikasema, alikuwa anauza vyungu. Jamani mikono ikapanda darasa zima! Alivibebaje? Kikivunjika njiani nyumbani wanamwambiaje?

Sikuwa na jibu. Kesho yake nikarudi na chungu na kanga, nikakunja ngata, nikamtwika yule binti. Shingo ikanyooka yenyewe, mikono haijui ishike wapi, akapiga hatua tatu na wenzake hawapumui. Hapo ndo nikawasimulia Fumba, kijiji chake Unguja, mama Mzaramo, baba Mnyamwezi, shule hakuna, na inasimuliwa alikuwa akinadi vyungu vyake sauti inafika mbali, halafu akaingia mjini wakamcheka kwa kaniki yake, ile nguo nyeusi ya maskini. Tulipofika Bombay safari hii hakuna aliyepiga miayo, wenyewe ndo wanauliza alipanda meli na nani.

Najua kuna mzazi atasema unamdhalilisha bibi wa watu, mtu mkubwa vile unamchora na kaniki na udongo. Mama yangu, kaniki ndiyo waliyomchekea, ukiifuta kwenye picha umekaa upande wao! Na udongo ndio kazi iliyomlisha, kuna aibu gani hapo?

Bibi Titi Mohamed vilevile. Mtoto wa Dar anapita barabara yenye jina lake kila siku, muulize huyo ni nani, kimya. Alikuwa muimbaji wa lelemama, ngoma ya wanawake, na 1955 alipowaita wanawake waingie TANU, chama kilichodai uhuru, aliwafuata kwenye vikundi vyao vya ngoma, watu wanaomjua sauti yake, ndo maana waliitika. Hili la ngoma vitabu vinaliruka vinakimbilia uhuru. Kuna mhariri aliniambia nitoe na kesi yake ya uhaini, eti watoto hawataelewa mtu kufungwa na aliokuwa nao chama kimoja. Watoto wanagombana na marafiki zao kila siku, wanaelewa vizuri sana! Nimeiacha, mpaka msamaha wa 1972.

Wangari Maathai, yule mama wa Kenya wa kupanda miti, naona muda hautoshi, ila naye msianze na Nobeli ya 2004, anzeni na ile miche 7 aliyopanda Kamukunji, Nairobi, 1977.

Chungu kiko pale mezani, kanga ipo, watoto mliokuja na wazazi piteni mbele mmoja mmoja, nitawakunjia ngata.