Ushujaa wa Hurley si Ushahidi wa Picha Zake

Ndugu zangu, wanaonijua wanajua ninakoelekea, basi wasinitangulie. Leo ni mpiga picha Frank Hurley wa Sydney, Australia, na niseme mapema: bwana huyu namheshimu.

Oktoba 1915 meli ya Endurance imebanwa na barafu ya Bahari ya Weddell, huko Antaktika, hadi mbao zinapasuka, na Ernest Shackleton, kiongozi wa msafara, ameamuru watu washuke. Negativi za Hurley, yaani zile asilia ambazo picha huchapwa kutoka kwake, zimebaki ndani, na ndani kumejaa maji. Siku chache baadaye akarudi, akavua nguo za juu, akajitosa kwenye uji ule wa barafu akipapasa mpaka akayapata makopo ya negativi. Yalikuwa yamelehemewa, maji hayakuingia. Ungedhani kazi imekwisha. Wapi! Negativi zenyewe ni vioo, vioo ni vizito, na mbele yao kuna mashua za kukokota. Yeye na Shackleton wakaketi juu ya barafu wakachambua kimoja kimoja. Wakabakiza kama 120. Vingine, kama 400, vikavunjwa palepale. Kwa nini visiachwe tu? Kwa sababu vikibaki vizima, moyo utamrudisha kuviokota. Kamera kubwa akaziacha, akabaki na Kodak ndogo ya mfukoni na roli tatu za filamu. Kwa hizo tatu akapiga maisha ya Kisiwa cha Elephant, ambako watu 22 walilala chini ya mashua mbili zilizopinduliwa, hadi Yelcho, meli ya Chile, ilipowafikia tarehe 30 Agosti 1916.

Hapo kila mara mtu hunyoosha mkono: “Mwalimu, hao ndio walikuwa wapiga picha! Siku hizi kila kitu kompyuta.” Haya. Ipo picha ya Hurley, watu wako ufukweni wanapunga mikono, mashua iko majini, na ilichapishwa kama siku ya kuokolewa. Siyo! Ni Aprili, Shackleton anaondoka na mashua iitwayo James Caird kutafuta msaada kisiwa cha South Georgia. Wale wanaaga. Negativi ikakwanguliwa, picha ikapewa siku nyingine. Kompyuta iko wapi hapo?

Mwaka 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, akawa mpiga picha rasmi wa jeshi la Australia, huko Ubelgiji. Akaona vita haviingii kwenye fremu moja: askari huku, mzinga kule, ndege imeshapita. Basi akaunganisha negativi kadhaa kuwa picha moja, hata mawingu akayatoa siku nyingine. Picha moja kubwa ilitokana na negativi 12. Charles Bean, mwandishi rasmi wa vita hivyo, akasema huo ni uongo. Hurley akatishia kujiuzulu. Mwishowe zikaruhusiwa chache, kwa sharti zitajwe kuwa za kuunganisha.

Mtaniambia Bean hakuelewa sanaa. Nani alimwomba sanaa? Mama wa askari anatafuta alikofia mwanawe, wewe unampa mawingu ya siku nyingine! Na msiniambie Hurley alihatarisha roho. Alihatarisha, kweli kabisa. Roho yake haikubadilisha mawingu yale.

Nilitaka kufika Papua miaka ya 1920, na ule mzozo wa vitu vya wenyeji alivyovichukua, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Alipiga picha hadi uzeeni, akafa 1962. Nyinyi wenye maonyesho, andikeni chini ya picha mlichoifanya, hata kama ni kukata pembe tu. Karibuni maswali, na asiniulize mtu alitumia lenzi gani.