Kichwa cha Treni cha Zamani: Kipime Kabla Hujalipa

Wazee wangu, shikamooni. Dada na kaka zangu, habari za mchana. Vijana wa nyuma kule sogeeni mbele, vitu nitakavyoonyesha ni vidogo.

Nimeombwa nizungumzie vichwa vya treni za mfano, vile vinavyotembea kwa umeme juu ya meza, hasa vya miaka ya 1960 hadi 1980. Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Wazungu waliostaafu. Lakini sisi Mwanza treni tunayo tangu 1928, na belo la midoli la mitumba likifunguliwa, mara mojamoja kinatokea kichwa kimelala katikati ya vigari vya plastiki na wanasesere wasio na nywele. Muuzaji hajui ni nini. Shida ni pale ambapo na mnunuzi hajui.

Ukubwa kwanza. Vingi ni vya kipimo cha HO, yaani vidogo mara 87 kuliko treni halisi, na reli yake ina upana wa milimita 16.5. Zidisha hiyo kwa 87 utapata kama milimita 1,435, ndiyo SGR inayojengwa kati yetu na Isaka. Reli yetu ya zamani, ya mita moja, kwa kipimo hichohicho inakuwa kama milimita 12. Vichwa vya upana huo ni adimu na bei yake haishikiki, viacheni kwa sasa. Vya Waingereza vinapanda reli ileile ya 16.5, ila mwili wake ni mkubwa kidogo, 1 kwa 76. Ukikuta milimita 9, hicho ni cha kipimo kidogo zaidi kiitwacho N. Rula ya shule inatosha.

Sasa tazameni hapa. Hii ni betri ya kawaida ya volti 9, na waya mbili. Kichwa hiki ni Lima, kampuni ya Italia. Nagusa gurudumu la kushoto, nagusa la kulia. Mnasikia? Inanguruma lakini haiendi. Watu wengi hapo wanarudisha mezani na kuondoka. Mimi ndipo ninapotoa pesa, maana mota ni nzima. Kilichoganda ni grisi ya zamani, imekuwa kama nta. Isiponguruma kabisa, fungua uangalie brashi za mota, vile vipande vya kaboni vinavyoipelekea umeme, na waya zilizochomoka, na hapo punguza bei bila aibu. Ikitoa moshi, iache.

Kuna mtego mmoja. Vichwa vya Märklin vya Ujerumani vya kipimo cha HO hutumia umeme wa AC, unaobadili mwelekeo, si DC kama wa betri, na tumboni vina kiatu kirefu cha chuma kinachogusa vijiti vya katikati ya njia. Magurudumu yake ya pande mbili yameunganika, kwa hiyo ukikiweka kwenye reli ya kawaida ya DC unapata shoti. Kigeuzeni kwanza, mtazame tumbo.

Kasoro inayonikera kuliko zote ni giya iliyopasuka. Vichwa vingi vya Athearn vya Marekani, na vya Bachmann pia, vina giya ya plastiki iliyobanwa kwenye ekseli. Miaka inapita, plastiki inasinyaa, inapasuka mstari mwembamba usioonekana bila kioo cha kukuzia. Kichwa kinatembea huku kinaruka: tak, tak, tak, kila gurudumu likizunguka. Usipoteze gundi yako. Plastiki ile haishiki gundi. Agiza giya mpya. Kwa chapa hizo zinapatikana mtandaoni.

Na chunguza chasisi. Zinki iliyochanganyika na risasi kidogo kiwandani huvimba, hupinda na kumeguka yenyewe, na joto na unyevu huharakisha. Sisi tunaoishi kando ya ziwa tuna vyote viwili. Ukiona nyufa kama za udongo mkavu kwenye chuma, hakuna dawa. Mtu anaweza kukuambia atapaka rangi. Asante, apake ya kwake.

Matunzo hayana makuu. Grisi kuukuu itolewe kwa alkoholi ya isopropili na mswaki laini; petroli na thina vitakula bodi ya plastiki. Kwenye beringi za shaba tia tone moja la mafuta ya cherehani, kwa ncha ya sindano. Nasema moja kwa sababu mafundi wa hapa tunapenda kumwaga, na mafuta yakifika kwenye komyuteta, ile sehemu ya mota inayosuguana na brashi, yanachanganyika na unga wa kaboni, mota inaanza kuchemka. Giya za plastiki zipake grisi ya silikoni.

Kuna mota za zamani, hasa za Uingereza, zenye sumaku kubwa inayoonekana nje. Hiyo usiichomoe kwa udadisi. Ikitoka kwenye chuma chake inapoteza nguvu, na ukiirudisha mota inakula umeme mwingi, inapata moto, na mabehewa mawili yanaishinda.

Reli za chuma huku kwetu zinashika kutu upesi, kwa hiyo ukiwa na uchaguzi chukua za aloi ya nikeli. Za shaba zinafaa, ila utazisugua kila mara.

Kijana kauliza kuhusu mfumo wa dijitali, yaani kuendesha kichwa kwa amri zinazopokelewa na chipu iliyo ndani yake, dikoda. Inawezekana, lakini pima kwanza kwa multimita mota inakula ampea ngapi ukiizuia isizunguke. Nyingi za zamani zinavuka ampea 1, na dikoda ndogo itaungua. Tena brashi zote mbili lazima zitengwe na chasisi. Kwa kichwa cha kwanza mimi nisingehangaika. Nunua kidhibiti mwendo cha DC cha volti 12, uendeshe.

Maswali mengine? Mama pale, karibu.