Shule za Texas na Herufi Zake: Wazazi, Msiishie Kwenye A

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo naongea na nyie mnaojiandaa kuja huku Texas na watoto, maana swali la shule mnaniuliza kila siku.

Huku shule yenyewe inapewa A mpaka F, na wilaya nzima ya shule inapewa. Wilaya ya shule msiifikirie kama Ilala au Temeke. Ni mamlaka inayoendesha shule za umma za eneo fulani, ina bodi iliyopigiwa kura na wananchi. Herufi zinatoka idara ya elimu ya jimbo, TEA. Wilaya zilianza kupewa mwaka 2018, shule moja moja mwaka 2019.

Wanaangalia ufaulu, hasa mtihani wa jimbo unaoitwa STAAR. Wanaangalia maendeleo, yaani mtoto amepanda kiasi gani tangu mwaka jana, na shule inafanyaje ukiilinganisha na nyingine zenye watoto wa kipato kilekile. Kati ya hivyo viwili, kilicho juu ndicho kinachobeba asilimia 70. Asilimia 30 iliyobaki ni kuona kama kuna kundi linaloachwa nyuma, wakiwemo wanaojifunza Kiingereza.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mzazi anaona A, anakimbilia mtaa ambao kodi ya nyumba inameza mshahara wote. Jamani, ingieni txschools.gov, fungueni ndani, mtafute maendeleo. Mtoto anayetoka Kigoma au Bukavu hajui Kiingereza, hicho ndicho kipimo kinachomhusu. Na mwaka wake wa kwanza katika shule za Marekani, matokeo yake ya STAAR hayaingizwi kwenye alama ya shule. Asitokee mtu akawaambia mtoto wenu anaishusha shule.

Herufi hizi zina meno. Sheria ya mwaka 2015 inasema shule moja ikifeli miaka mitano mfululizo, jimbo ama linaifunga, ama linaiweka pembeni bodi ya wilaya yote na kuteua nyingine. Hapa Houston, wilaya kubwa kuliko zote Texas, ilitokea Juni 2023, na chanzo kikubwa kilikuwa sekondari moja, Wheatley. Kesi zilivutana miaka mpaka Mahakama ya Juu kabisa ya Texas, na wakati bodi inaondolewa Wheatley ilikuwa imeshapata C mwaka 2022! Shule imepanda, na kura za wazazi zikawekwa kando vilevile. Hilo mimi sikubaliani nalo hata kidogo.

Tena vipimo vinabadilika. Mwaka 2023 TEA ilipandisha kiwango cha kupata A kwenye utayari wa wahitimu kwa chuo, kazi au jeshi, kutoka asilimia 60 hadi 88. Wilaya zikaenda mahakamani, alama za mwaka huo zikatoka Aprili 2025.

Nyumbani Tanzania, baraza la mitihani, NECTA, liliacha kutangaza shule kumi bora Januari 2023. Mimi naunga mkono, ila ningependa wazazi wa Tanzania nao waoneshwe mtoto amepanda kiasi gani, shule kwa shule.

Na nyie familia za Kikongo mlioko Fort Worth: Oktoba 2025 jimbo limetangaza kuichukua wilaya yenu, kwa sababu ya shule moja ambayo tayari imefungwa. Nendeni kwenye mikutano ya bodi mpya. Ombeni mkalimani wa Kiswahili mapema, na mkifika ulizeni walimu wangapi wa Kiingereza kwa wageni watabaki.