Mosi Huhama na Msitu

Ndugu waongoza watalii, na ninyi wanafunzi wa hapa Kasese, ahsanteni kwa kuja. Barafu ya milima yetu ya Rwenzori, inayozidi kuyeyuka, imeshasemwa sana. Leo tutazame kinachoota inapoondoka: mosi, vile vimmea laini vya kijani vinavyofunika mawe na magogo penye unyevu.

Mosi haina mizizi ya kweli wala mbegu. Hujishikiza kwa vinyuzi, hunywa maji kwa majani yake, na spora zake, yaani chembe za kuzaliana, hupeperushwa kama vumbi. Jiwe tupu linaitosha.

Kule Glacier Bay, Alaska, barafu imerudi nyuma takriban kilomita 100 tangu karne ya 18. Mwaka 1916 mwanaikolojia William Cooper aliweka viwanja vidogo vya kufuatilia mimea, na hadi leo wanasayansi huvirudia. Mosi na kuvumwani (kuvu na mwani vinavyoishi pamoja kama kiumbe kimoja) hutangulia kwenye changarawe. Baadaye huja vichaka vya alda, ambavyo huongeza naitrojeni, kirutubisho cha mimea, udongoni. Hapo ndipo mosi ya chini hupata taabu, na wengi hudhani ni kwa sababu ya kivuli. Kumbe ni majani: alda hupukutisha kila mwaka, na mosi hufukiwa. Inayosalimika ni ile iliyopanda kwenye magogo na mashina. Misprusi, miti mirefu ya jamii ya misonobari, ikishatawala, mosi hutanda tena ardhini, ila sasa ni spishi nyingine, nene, zinazohifadhi bakteria wa kunasa naitrojeni ya hewa.

Msiichukue ngazi hiyo nzima mkaiegemeza Rwenzori. Barafu aliyoikuta Mtawala wa Abruzzi, mwanamfalme na mpanda milima Mwitaliano, mwaka 1906 imebaki vipande, lakini juu ya mita 4,500 hakuna msitu unaokuja nyuma yake. Udongo huganda usiku na kuyeyuka mchana, miche ikang'oka. Mlima Kenya mosi yenyewe hung'olewa hivyo, ikabingirika na kuota pande zote hadi ikawa kama mpira!

Utajiri wetu wa mosi uko chini zaidi, kwenye mierika, ile miti ya mlimani yenye vijani kama sindano. Vijani vyake ni vidogo mno kufukia kitu, basi mosi imetanda ardhini na shinani kwa pamoja.

Mzee wa nyuma ameuliza kama mosi changa ya kule juu itazuia mafuriko ya mto Nyamwamba. Hapana, mzee. Ni tabaka jembamba. Mvua huteremka moja kwa moja. Maji hushikwa na mierika na vinamasi vya mabondeni.