Bando Limeliwa na Nani?

SALMA: Karibuni tena jamani, tuko Sinza kama kawaida, na makelele ya bodaboda mtatuvumilia. Leo nimekuja na hasira. Juzi usiku nimeweka bando la GB 5, asubuhi naamka, meseji: limekwisha. Na mimi nilikuwa nimelala!

BEKA: Wewe ulilala. Kompyuta je?

SALMA: Niliiacha inashusha nyimbo, nimeirushia hotspoti. Lakini nyimbo zenyewe hazifiki hata MB 200, kaka.

BEKA: Ulishusha kwa torenti?

SALMA: Mdogo wangu ndiye aliyeniwekea.

BEKA: Basi mwizi umeshampata. Torenti ni njia ya watu kupeana mafaili kompyuta kwa kompyuta, haichukui tu, inagawa. Kila kipande ulichokipata, kompyuta yako inawapelekea wengine wanaokitaka. Wimbo ukishaingia wote, yenyewe haiachi, inaendelea kugawa. Tena ukibonyeza kile kialama cha kufunga dirisha, mara nyingi haifungiki. Inajibanza kule chini kulia, karibu na saa, inaendelea na kazi.

SALMA: Kwa hiyo kuna mtu huko Brazili kasikiliza muziki kwa bando langu.

BEKA: Umemkirimu mgeni! Unajua Bram Cohen, yule mtunga programu, alipoitoa torenti mwaka 2001, wazo lilikuwa zuri tu: watu wasibanane kwenye seva moja, kila anayechukua naye atoe. Kama mchango wa harusi. Ila huu mchango hukupewa kadi, umekatwa usingizini. Mwenye faiba ya kulipia kwa mwezi wala hashtuki, sisi wa bando ndio tunalia.

SALMA: Na wimbo mmoja umegoma kabisa kupiga. Jina lipo, nukta mp3 ipo, nikiubofya kimya.

BEKA: Una ukubwa gani?

SALMA: Ngoja... KB 300.

BEKA: Wa dakika ngapi?

SALMA: Nne.

BEKA: Hapo hakuna wimbo, dada. Dakika nne, hata kwa ubora wa chini wa kilobiti 128 kwa sekunde, ni karibu MB 4. Hiyo ni programu imevalishwa kanzu. Windows kwa kawaida huficha mkia wa jina la faili. Ukiiambia ionyeshe mikia yote, utakuta baada ya mp3 kuna nukta exe. Na umeshaibofya!

SALMA: Mara tatu.

BEKA: Haya, leo hii antivirusi. Na flashi yako usinichomekee mimi. Mambo haya ni ya tangu LimeWire, ile programu ya zamani ya kugawana nyimbo. Kule watu walikuwa wanafungua folda nzima ya nyaraka zao bila kujua. Unatafuta wimbo, unakutana na sivii ya mtu na picha za familia. Mahakama ya New York ndiyo iliyoizima, Oktoba 2010, kwa kesi ya hakimiliki.

SALMA: Sasa nipe njia halali. Na usiniambie nilipie, mwezi huu una tarehe mbaya.

BEKA: Zipo tovuti: Jamendo, Free Music Archive, Internet Archive. Unashusha faili kamili, unaiweka kwenye flashi, hakuna wa kukuuliza. Bandcamp nako, msanii akiandika "lipa utakacho" na akaruhusu sifuri, unaandika sifuri.

SALMA: Bila aibu?

BEKA: Karuhusu mwenyewe! Ila nisikudanganye, huko hutakuta nyimbo kali za Bongo Fleva zinazopigwa kwenye daladala. Hizo zisikilize kwenye Boomplay au Audiomack. Ukizihifadhi, zinakaa ndani ya programu ileile, hazihamii kwenye flashi.

SALMA: Binamu yangu anahariri video za harusi Mbagala. Anaweza kuchukua hizo za Jamendo?

BEKA: Hapo ndipo watu wanapojikwaa. Bure kusikiliza si bure kutumia. Asome leseni chini ya wimbo. Creative Commons, zile leseni ambazo msanii anaruhusu kazi yake itumike kwa masharti, ina vifupisho: BY, mtaje msanii. NC, usifanyie biashara, na yeye analipwa na bwana harusi, kwa hiyo hiyo aiache. ND, usiibadilishe, na kuiunganisha na video kunahesabika ni kuibadilisha. Na hata hapa kwetu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, asidhani ni mambo ya Wazungu.

SALMA: Atafute yenye BY peke yake.

BEKA: Hiyo hiyo. Au muziki wa zamani kabisa: kule Marekani, rekodi zote zilizotoka kabla ya 1923 ziliachiwa huru Januari 2022.

SALMA: Bwana harusi wa Mbagala aingie ukumbini na santuri ya 1920! Haya, ngoja nizime hili litorenti hapa hapa... Beka, kuna kialama cha kijani karibu na saa.

BEKA: Kinacheza?

SALMA: Kinacheza. Mshale unapanda juu.

BEKA: Salma, hiyo kompyuta sasa hivi inatumia bando la nani?

SALMA: Si ulinipa nywila yako tulipoingia, kaka?